Fungu Kilwa, Kibali Dodoma

Hospitali ya Wilaya ya Kilwa haipo Masoko, yaliko makao ya halmashauri. Ipo Kivinje, mji wa zamani, na inaitwa Kinyonga. Ni jina la mwembe ambao Wajerumani waliutumia kuwanyongea waliowapinga, akiwamo Hassan bin Omari Makunganya, mwaka 1895. Mgonjwa wa Kilwa akipewa rufaa kutoka zahanati ya kijijini kwake, anapelekwa mahali ambapo dola ilijitambulisha kwa babu zake kwa kamba.

Kodi nayo ilitangulia dawa. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba, na maakida, mawakala wake, wakaanza kuzunguka vijijini kuikusanya. Daktari wa serikali alikuwapo, lakini alikaa bomani na waliomhusu kwanza walikuwa askari na maofisa. Raia alikutana na tiba ya dola pale tu maradhi yalipotishia bandari na biashara: chanjo ya ndui, karantini ya vyombo, amri ya kuchoma nyumba za wagonjwa. Mlipaji alikuwa Mmatumbi wa milimani, na mtibiwa alikuwa mtu wa boma.

Tangu hapo kila serikali iliyoitawala pwani ya Lindi imekuwa na maswali mawili ya afya mezani. Nani amlipe mtabibu? Na nani ahakikishe yupo kazini? Maswali haya ni ndugu, na kwa akili ya kawaida yangejibiwa na mtu mmoja. Kwa zaidi ya miaka 100 hayajawahi kukaa mkononi mwa mtu mmoja serikalini. Mwenye fedha amekuwa huku, mwenye watumishi kule, na anayeona mlango wa zahanati umefungwa hana hiki wala kile.

Nchi iliyobaki na watu wachache

Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi waling'oa pamba ya serikali. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewagawia watu maji, alinyongwa Agosti mwaka huohuo, lakini vita ya Maji Maji iliendelea hadi 1907. Jeshi la Kijerumani lilichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanataja 250,000 na zaidi.

Vita hiyo ina nafasi yake katika historia ya zahanati. Nchi iliyo nyuma ya Kilwa, Liwale hasa, ilibaki na watu wachache mno, msitu ukarudi, na wanyama na mbung'o wakarudi nao. Hata sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Lindi una watu 864,652 katika eneo linalozidi kilomita za mraba 66,000, wastani wa watu 13 tu kwa kilomita moja ya mraba. Mahali kama hapa zahanati moja huhudumia watu wachache walio mbalimbali. Mgao wa fedha ukifuata idadi ya watu, Lindi inapata kidogo. Mgao wa watumishi ukifuata idadi ya majengo, Lindi inahitaji wengi. Hesabu hizo mbili hazijapatana hadi leo.

Dresa na hazina ya wenyeji

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitaka koloni lijilishe lenyewe. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alileta utawala wa kupitia wenyeji, na chini ya sheria ya 1926 mamlaka za wenyeji zikawa na hazina zao. Sehemu ya kodi iliyokusanywa na liwali au jumbe ilibaki wilayani.

Dk. John Shircore, mkuu wa Idara ya Tiba, aliona mlango hapo. Hazina hizo zingeweza kulipia kile ambacho Dar es Salaam haikuwa tayari kulipia. Ndivyo zilivyozaliwa dispensari za wenyeji, vibanda vya miti na udongo vyenye kabati la dawa, na ndani yake dresa. Huyu alikuwa kijana anayejua kusoma na kuandika, aliyekaa miezi kadhaa katika hospitali ya wilaya akajifunza kuosha na kufunga vidonda, kutoa kwinini na kutambua ugonjwa unaomzidi. Sindano ya buba ndiyo iliyompa sifa. Mtu aliyeingia na vidonda mwili mzima akapona baada ya sindano chache hakuhitaji kuhubiriwa tena, na watu wakaanza kuomba dispensari wenyewe.

Mshahara wa dresa na dawa zake vililipwa na hazina ya wenyeji. Mafunzo yake, ukaguzi wake na uamuzi kama anafaa au hafai vilikuwa vya Bwana Mganga wa serikali. Baraza lililomlipa halikujua dawa. Daktari aliyejua dawa hakumlipa, na alimwona mara chache kwa mwaka, mvua zikiruhusu. Kati ya ziara moja na nyingine dresa alikuwa peke yake na daftari lake, na maofisa wa tiba walilalamika mara kwa mara kwamba dispensari zinaongezeka kuliko uwezo wa kuzikagua. Wahenga walishasema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hata hivyo mpango ule ulikuwa na nguvu moja ambayo mipango iliyofuata iliipoteza. Wazee wa baraza hawakuweza kupima dozi, lakini waliweza kujua kama mlango umefungwa. Dresa aliishi kati yao, alioa kwao, na mshahara wake ulipita mbele ya macho yao. Akitoweka siku tatu, taarifa haikungoja ripoti ya robo mwaka.

Serikali nayo ilikuwa na njia nyingine ya kumaliza tatizo la umbali: kuwahamisha watu. Katika miaka ya 1940, kwa hoja ya ugonjwa wa malale, vijiji vya Liwale viliondolewa na watu wakakusanywa sehemu chache. Ofisa wa wanyamapori C. J. P. Ionides, aliyeishi Liwale na kujulikana baadaye kwa kukamata nyoka, alikuwa mmoja wa waliosukuma jambo hilo, na ardhi iliyoachwa ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Watu waliambiwa wanasogezwa karibu na huduma, na walioipata ardhi walikuwa tembo.

Misheni, ruzuku na mji wa karanga

Huduma iliyodumu bara ya Lindi ilikuwa ya misheni. Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Nyangao ilichomwa wakati wa Maji Maji ikajengwa upya, na hospitali yake ya Mtakatifu Walburga bado ni tegemeo la watu wa barabara ya Lindi–Masasi. Waanglikana wa UMCA walikuwa Masasi tangu 1876. Huko ndiko alikofika mwaka 1935 daktari kijana wa Kiingereza, Leader Stirling, akawekwa Lulindi. Alifanya upasuaji katika majengo ya miti na nyasi, akafundisha wauguzi kutoka vijiji vya jirani, na mwaka 1949, baada ya kuingia Kanisa Katoliki, akahamia Mnero, Nachingwea, akaanza hospitali nyingine.

Misheni zilikuwa na kitu ambacho serikali haikuwa nacho: aliyelipa, aliyeajiri na aliyesimamia walikaa ua mmoja. Muuguzi wa Mnero asipofika asubuhi, daktari alijua kabla ya saa mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo alitegemea sadaka za Ulaya, na serikali ilipoanza kutoa ruzuku ilizifuata sifa za watumishi: daktari aliyesajiliwa, muuguzi mwenye cheti, vitanda vilivyohesabika. Mhudumu mzoefu asiye na karatasi hakuingia katika hesabu. Swali la cheti, lililokuja kutikisa zahanati nyingi miaka 70 baadaye, liliingia kwa mlango huo.

Dk. Eric Pridie, aliyetumwa na London kuipitia sera ya tiba ya Tanganyika, aliwasilisha mapendekezo yake mwaka 1949: hospitali zaidi, mafunzo zaidi, ruzuku zaidi kwa misheni. Wakati huohuo Nachingwea ilikuwa inashuhudia jinsi fedha zinavyoweza kutembea zikitakiwa. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947, ulifyeka misitu, ukajenga reli kutoka Mtwara na kuotesha mji mzima porini. Mapema mwaka 1951 ulikufa, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi katika maeneo yake yote. Reli iling'olewa baada ya Uhuru. Kwa mtu wa Lindi aliyeambiwa kila mwaka kwamba hazina haina kitu, hilo lilikuwa somo la bajeti: fedha za kutafuta mafuta ya kula kwa ajili ya Waingereza zilipatikana, za dresa wa pili hazikupatikana.

Madaktari 12

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12. Mwalimu Nyerere aliitaja idadi hiyo kwa miaka mingi kila alipotaka kueleza nchi ilianzia wapi. Chuo cha tiba kilianza Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1964 ilitoka taarifa ya Profesa Richard Titmuss na wenzake kuhusu huduma za afya za Tanganyika, iliyohimiza vituo vya afya vijijini na kinga badala ya kurundika fedha katika hospitali kubwa.

Ila aliyetakiwa kulipa vijijini alikuwa nani? Halmashauri za wilaya, warithi wa hazina za wenyeji. Serikali Kuu ilishika hospitali na halmashauri zikashika zahanati. Halmashauri za kusini zilikuwa maskini tangu kuzaliwa, na kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 1969 zikakosa hata kile kidogo. Mwaka 1972 zikafutwa zenyewe. Mpango ulioitwa Madaraka Mikoani ulipeleka maofisa wa Serikali Kuu wilayani na kuwakabidhi kila kitu. Lindi ilikuwa imetengwa na Mtwara na kuwa mkoa mwaka mmoja kabla, kwa hiyo ikaanza maisha yake ya kimkoa bila baraza la kuchaguliwa la kumuuliza mganga mkuu alikopeleka dawa.

Kwa haki, miaka ile ilijenga. Vituo vya afya nchini vilikuwa 22 tu wakati wa Uhuru; kufikia mwaka 1980 vilikuwa vimepita 200. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, na vyoo vya shimo vikachimbwa hadi vijiji ambavyo havijawahi kumwona bwana afya. Vijiji vya ujamaa, ambavyo mikoa ya kusini ilitangulia kuvianzisha kwa sababu ya vita vya Msumbiji mpakani, vilileta watu karibu na shule, kisima na zahanati. Wazee wa Liwale waliokumbuka miaka ya 1940 walikuwa wanahamishwa mara ya pili, kwa maelezo yanayofanana.

Mwaka 1975 Nyerere alimteua Leader Stirling kuwa Waziri wa Afya. Alikuwa raia na mbunge tayari; alikuwa bungeni tangu 1958. Daktari aliyekuwa na fedha, watumishi na wagonjwa katika ua mmoja sasa alikuwa na wizara nzima, na mamlaka yake yaligawanyika: mafungu yalikuwa kwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa, watumishi walikuwa chini ya idara ya Utumishi, na wizara ilibaki na sera. Chini yake ilitungwa sheria ya mwaka 1977 iliyopiga marufuku tiba binafsi ya kutafuta faida na kuziacha hospitali za dini. Nia ilikuwa kumzuia daktari aliyesomeshwa na umma asiukimbie umma. Aliondoka wizarani mwaka 1980, uchumi ukiwa tayari unayumba baada ya vita ya Kagera na bei ya mafuta.

Boksi la dawa na lango lililofungwa

Miaka ya 1980 zahanati nyingi zilibaki na jengo, mtumishi na rafu tupu. Kuanzia mwaka 1983, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, dawa muhimu zilianza kufika zikiwa zimefungwa ndani ya maboksi yanayofanana nchi nzima, kila zahanati lake kila mwezi. Boksi lilikuwa usimamizi wa aina yake: limefungwa Dar es Salaam, linafunguliwa kijijini mbele ya mashahidi, na katikati hakuna mwenye ruhusa ya kuligusa. Lilipunguza wizi. Pia halikuuliza kijiji kinaumwa nini. Dawa za malaria ziliisha mapema, na dawa zisizohitajika zikajaa kabatini.

Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984, na zahanati zikarudi kwao. Fedha hazikurudi kwa kasi hiyo. Kisha ukaja mwaka 1993. Chini ya mageuzi ya uchumi yaliyodaiwa na wakopeshaji, serikali ilianza kuchangisha wagonjwa hospitalini na ilisimamisha ajira mpya katika utumishi wa umma. Kwa mara ya kwanza tangu Uhuru, kijana aliyemaliza chuo cha uuguzi au utabibu hakuwa na uhakika wa kupangiwa kituo. Chuo cha waganga mjini Lindi kiliendelea kutoa wahitimu, huku vituo vya mkoa huohuo vikiendelea kupoteza watumishi kwa kustaafu na kufa, wakati ambapo UKIMWI ulikuwa unawaua wahudumu kama ulivyowaua wagonjwa.

Pengo la watumishi la Lindi mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni la asili, kama mvua au udongo: kusini ni mbali, watu hawapendi kukaa. Umbali ulikuwa wa kweli. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika yaliweza kuikata Lindi na Dar es Salaam kwa wiki nzima. Lakini umbali haukutia saini waraka wa kusimamisha ajira. Kizazi kizima cha wauguzi ambao wangekuwa wasimamizi wa zahanati miaka ya 2000 hakikuajiriwa, na kizazi kikikosekana mwaka mmoja hakilipwi na bajeti ya mwaka unaofuata.

Siku watafiti walipofika

Mwishoni mwa miaka ya 1990 fedha zilianza kuja. Mageuzi ya serikali za mitaa yaliipa halmashauri jukumu la afya upya, wahisani wakaweka michango yao katika mfuko wa pamoja wa afya, na kila wilaya ikatakiwa kuandika mpango kabambe wa mwaka. Bodi za afya za halmashauri na kamati za vituo zikaundwa kisheria. Mwaka 2007 ulizinduliwa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wenye ahadi ya kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya.

Hapo ndipo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walipopita katika zahanati na vituo vya wilaya za Lindi na Mtwara kuhesabu waliopo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Kwa mujibu wa ikama ya serikali, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, vituo vile vilipaswa kuwa na wauguzi 854. Walioajiriwa walikuwa 122, yaani asilimia 14. Matabibu walipaswa kuwa 441, walikuwa 90. Katika hao wachache, asilimia 44 ya matabibu hawakuwapo siku ya ukaguzi.

Mtu angedhani walikuwa shambani au dukani kwao, lakini orodha ya sababu inasema vingine. Asilimia 38 ya waliokosekana walikuwa kwenye semina. Robo walikuwa safari za kikazi, 20 kwa kila 100 walikuwa likizo, na asilimia 8 masomoni. Yaani waliowatoa kituoni walikuwa hasa wakubwa wao: miradi ya wahisani iliyotaka kila mtu afundishwe mwongozo mpya, na mfumo wa malipo ambamo posho ya semina ndiyo nyongeza ya mshahara. Karibu theluthi mbili ya vituo vilikuwa vimetembelewa na timu ya wilaya chini ya mara 3 katika miezi 6 iliyotangulia. Huo ndio usimamizi shirikishi ulioandikwa katika mipango.

Gharama yake ilionekana upande mwingine wa kitabu. Utafiti uliofikia kaya zipatazo 226,000 katika wilaya hizo mwaka 2007 ulikuta vifo vya wajawazito na wazazi 712 kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa. Waliokaa mbali na hospitali walikuwa katika hatari kubwa zaidi, lakini hata jirani na hospitali vifo vilikuwa vingi. Kusogeza jengo karibu hakukutosha. Ndani ya jengo alihitajika mtu, tena mwenye ujuzi, saa nane za usiku.

Aprili 2017

Serikali ya Awamu ya Tano iliingia Novemba 2015 na hasira ya usimamizi. Rais John Magufuli alivamia Muhimbili siku chache baada ya kuapishwa. Waziri Mkuu wake, Kassim Majaliwa, alikuwa mbunge wa Ruangwa, mwana wa Lindi aliyezijua zahanati hizi. Mwaka 2016 ukaanza msako wa watumishi hewa, na maelfu ya majina yakafutwa katika orodha ya mishahara. Kisha, tarehe 28 Aprili 2017 mjini Dodoma, Rais alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Aliagiza waondoke mara moja.

Kwa mlipa kodi ilikuwa habari njema, na hakuna anayetaka kuchomwa sindano na mwenye cheti cha kununua. Lakini amri moja ilipokelewa tofauti sehemu tofauti. Katika hospitali kubwa mtu mmoja akiondoka, zamu hupangwa upya. Katika zahanati ya watumishi wawili, akiondoka mmoja, zahanati inafungwa kila siku ambayo aliyebaki anakwenda wilayani kuchukua dawa. Halmashauri hazikuweza kumweka mtu wa muda siku ya pili yake, kwa sababu ajira ya kudumu ilihitaji kibali, na vibali vilikuwa vimesimamishwa kupisha uhakiki huohuo.

Na mwezi huohuo lilitokea jambo jingine. Mwezi Machi serikali ilikuwa imekubali kuipatia Kenya, iliyokuwa imetoka kwenye mgomo wa madaktari, madaktari 500. Mahakama ya Kenya ilizuia ajira hizo, na Magufuli akaamuru waombaji 258 waajiriwe nyumbani mara moja. Nchi yenye zahanati zisizo na tabibu ilikuwa na madaktari waliosoma, waliosajiliwa, waliokaa bila kazi, na waliweza kuajiriwa kwa agizo la siku moja. Kilichokosekana hakikuwa watu.

Mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ilikubali kuwarudishia waliofukuzwa kwa vyeti michango waliyokuwa wamekatwa kwa ajili ya pensheni. Hata hilo lilikuwa suala la hesabu, na lilitatuliwa kihesabu.

Akaunti ya zahanati

Mabadiliko makubwa zaidi ya miaka ile yalipita bila kelele. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja ziliacha kulala halmashauri na kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kila kituo. Mganga mfawidhi na kamati yake ya wanakijiji wakawa na kitabu chao cha mapato na mfumo wao wa hesabu. Tangu enzi za hazina ya wenyeji, watu wanaoweza kuuona mlango wa zahanati hawakuwahi kuwa karibu na fedha kiasi hicho. Kamati ya zahanati inaweza kukataa bei ya saruji na kuuliza kwa nini dawa zimenunuliwa ghali. Haiwezi kuuliza kwa nini muuguzi wa pili hajaletwa na ikapata jibu, kwa sababu jibu halipo wilayani.

Halmashauri yenyewe haina tofauti kubwa na kamati hiyo. Kilwa inakusanya ushuru wa huduma kutoka kwa gesi ya Songo Songo inayosafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Inaweza kuweka msingi wa zahanati kwa mapato hayo, na inaweza kuchukua mtumishi kwa mkataba mfupi. Ila kuingiza jina jipya katika ajira ya kudumu ni kazi ya Dodoma: kibali cha Utumishi, fungu la mshahara la Hazina, na orodha ya TAMISEMI inayompangia mhitimu kituo ambacho huenda hajawahi kukisikia. Anaripoti, anakaa miezi, kisha anaomba uhamisho wa kufuata mwenza. Uhamisho ukikubaliwa, nafasi inabaki tupu hadi kibali kijacho.

Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anakabidhi taarifa yake kwa Rais mwishoni mwa Machi, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi kujibu hoja. Ukaguzi huo umeokoa fedha nyingi. Ila hati safi ina maana yake na mipaka yake: inasema vitabu vimeandikwa sawasawa. Halmashauri inaweza kupata hati safi mwaka ambao zahanati zake zinaendeshwa na mhudumu mmoja mmoja, mradi mshahara wa mhudumu huyo umeingizwa katika kasma sahihi. Mwongozo wa ikama wa mwaka 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Taarifa za ukaguzi zimetaja upungufu huo mara kwa mara, na mkurugenzi anaporudi mbele ya kamati hujibu kwa ukweli mtupu kwamba ameomba kibali.

Wakati huo majengo yanaongezeka. Tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021 ilielekezwa, pamoja na mengine, kwenye ujenzi wa vituo vya afya 234 nchini. Jengo lina faida kwa msimamizi kwa sababu linaonekana: lina picha, lina jiwe la msingi, lina hati ya makabidhiano. Muuguzi hazinduliwi. Na umbali haujaisha. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Kilwa eneo la Somanga, na mkoa ukarudi kwa siku kadhaa katika hali iliyokuwapo kabla ya daraja. Barabara ikikatika, gari la dawa hukwama, na gari la wakaguzi nalo. Aliyekuwa zahanati siku hizo ndiye aliyekuwa huduma yote ya afya ya serikali mahali pale.

Ukiipanga historia hii kwa mstari, utaona kila awamu ilirekebisha nusu. Shircore alileta fedha karibu na kuacha utaalamu mbali. Madaraka Mikoani yalileta wataalamu karibu na kuondoa baraza. Mwaka 1993 ulilinda bajeti kwa kuumiza ikama, na mwaka 2017 ulisafisha orodha ya mishahara bila kuuliza nani anabaki zamu. Akaunti ya zahanati ndiyo hatua ya kwanza ambayo ingeweza kukamilishwa kwa bei ndogo: kamati inayosimamia fedha ipewe pia haki ya kisheria ya kuthibitisha mahudhurio na kutoa ruhusa kabla mtumishi wa mwisho hajaitwa semina, na halmashauri iruhusiwe kujaza nafasi iliyoachwa wazi, ambayo mshahara wake tayari umo katika bajeti, bila kuanza upya safari ya kibali. Serikali Kuu ingebaki na vyeti, viwango na ukaguzi, kazi ambazo fimbo ya mbali inaziweza. Kubandika mapato ya zahanati ukutani ni jambo ambalo wanakijiji wa Lindi wamekwisha kulizoea. Karatasi ya pili, yenye majina ya watumishi wanaopaswa kuwapo na walipo leo, haihitaji mfadhili wala tozo.